Faulo tano, dakika 40: kwa nini senta kijana huanza upya akivaa jezi ya taifa

Julai 2021, mjini Riga, Latvia. Fainali ya Kombe la Dunia la mpira wa kikapu la vijana wasiozidi miaka 19, Ufaransa na Marekani. Kijana mmoja mwembamba wa miaka 17, mwenye mikono mirefu kupita kiasi, alikuwa ameshafunga pointi 22, ameokota ribaundi 8 (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) na kuzuia mitupo 8. Kuzuia mitupo 8 katika fainali ni jambo la kutisha. Zipo timu ambazo zingeridhika kupata nusu ya hiyo kwa kikosi kizima. Kisha, mechi ikielekea ukingoni na mshindi bado hajulikani, filimbi ikalia. Ilikuwa faulo yake ya tano. Victor Wembanyama akatoka uwanjani. Marekani ikashinda 83 kwa 81.

Ukimuuliza shabiki yeyote kwa nini masenta wazuri, wale warefu wanaocheza karibu na goli, huishia benchi kwenye mashindano ya kimataifa, jibu huja haraka: FIBA, shirikisho la kimataifa, ni faulo tano; NBA, ligi ya Marekani, ni sita. Basi, kesi imefungwa. Mimi nadhani jibu hilo linaficha zaidi ya linavyoeleza, na lina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni Wembanyama mwenyewe. Mwaka 2021 hakuwa ametoka NBA. Alikuwa bado miaka miwili mbali na San Antonio Spurs. Alilelewa Ufaransa, chini ya sheria hizihizi za FIBA, tangu alipoanza kudunda mpira. Hakukuwa na sheria iliyokuwa ngeni kwake usiku ule, na bado zilimtoa.

Kasoro ya pili ni ya hesabu tu. NBA huchezwa dakika 48 kwa faulo 6. Gawanya: faulo moja kwa kila dakika 8. FIBA huchezwa dakika 40 kwa faulo 5. Gawanya tena: dakika 8. Bajeti ni ileile. Ukitaka kuwa mkali zaidi, sema kwamba faulo ya mwisho haihesabiki kwa kuwa ndiyo inayokutoa, hivyo unazoweza kutumia ukabaki uwanjani ni 5 kwa dakika 48, au 4 kwa dakika 40. Hapo FIBA inabana kidogo: dakika 10 kwa faulo badala ya dakika 9.6. Tofauti ni sekunde 24, yaani muda wa shambulizi moja. Haiwezi kuwa hiyo ndiyo inayowatoa vijana uwanjani.

Kinachokula faulo za senta ni mahali anaposimama na mambo anayoombwa kufanya akiwa pale. Ukilielewa hilo, mengine yote katika mchezo wa kimataifa huanza kufunguka.

Sekunde tatu ambazo hazipo

Sheria ya sekunde tatu kila mchezaji anaijua: mshambuliaji haruhusiwi kukaa chini ya goli la mpinzani zaidi ya muda huo. Kinachosahaulika ni kwamba NBA wana pacha wake upande wa ulinzi. Tangu msimu wa 2001-02, waliporuhusu kukaba kwa zoni (kulinda eneo badala ya mtu), waliweka na breki: mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kuota mizizi katika eneo la sekunde tatu. Akizidisha, wapinzani wanapewa mtupo huru mmoja na mpira unabaki kwao. FIBA hawana kitu hicho. Senta anaweza kuhamia chini ya goli na godoro lake.

Kwa kijana wa mita 2.15 hiyo husikika kama zawadi. Anasimama mlangoni, anyooshe mikono, na kila apenyaye anakutana naye. Lakini angalia kinachofuata. Katika NBA senta hulazimika kutoka nje mara kwa mara, kumfuata mtu wake au kuchomoka nusu sekunde ili kuivunja hesabu ya refa, kwa hiyo mipenyo kadhaa humpita akiwa njiani. Katika FIBA yupo mlangoni muda wote, na kocha wake amewaambia magadi wake, wale wachezaji wa nje wanaoongoza mpira: ukipitwa, usihangaike, mkubwa yupo nyuma. Magadi wakisikia hivyo hupitwa zaidi. Kila kosa la mtu mwingine linafika kwake likiwa tayari na kasi, na yeye ana nusu sekunde ya kuamua kama anaruka au haruki. Mkabaji wa pembeni anaweza kucheza mechi nzima akiamua mara sita. Senta anaamua mara sita kabla ya robo ya kwanza kwisha.

Zaidi ya hapo, zawadi ile amepewa na senta wa upande wa pili. Kijana aliyezoea kupokea mpira, kugeuka na kukuta njia nyeupe, anageuka na kukuta kifua. Kuna mtu amesimama pale tangu mpira haujavuka katikati ya uwanja.

Vipimo vya uwanja navyo vinazidisha msongamano. Mstari wa pointi tatu wa FIBA uko mita 6.75 kutoka golini, na 6.60 kwenye kona. Wa NBA uko mita 7.24, na 6.71 kwenye kona. Uwanja wenyewe ni mita 28 kwa 15, mwembamba kuliko wa NBA kwa sentimita 24. Ukizitazama kwenye karatasi ni namba ndogo. Uwanjani, nusu mita ile ya juu ni hatua nzima ambayo mlinzi wa pembeni hahitaji tena kuipiga ili afike kumsaidia senta wake, kisha arudi kwa mtupaji wake kabla mpira haujamfikia. Ndiyo maana mashambulizi ya kimataifa huonekana kama watu wanaopishana kwenye korido.

Sasa rudi kwenye hesabu ya faulo, safari hii kwa macho ya kocha. Senta akipata faulo ya pili ndani ya robo ya kwanza, makocha wengi humtoa hadi mapumziko au karibu na hapo. Dakika 8 za benchi katika mechi ya 48 ni sehemu moja ya sita. Katika mechi ya 40 ni sehemu moja ya tano. Na mechi zenyewe ni chache: Olimpiki ya Paris 2024, kila timu ilikuwa na mechi 3 tu za makundi, na tofauti ya pointi ingeweza kuamua nani kati ya washindi wa tatu anasonga mbele. NBA ina mechi 82 za kusahihisha makosa. Mashindano ya kimataifa yanaweza kumalizika kabla kijana hajajua refa wa leo anaita nini na anaacha nini.

Tena kuna mdomo. Katika FIBA, faulo ya ufundi ya mchezaji inaingia katika zile tano. Katika NBA haiingii katika zile sita. Kijana anayeinua mikono kumlalamikia refa baada ya faulo ya tatu anaweza kujikuta na ya nne mpira ukiwa umesimama.

Kama kuna anayedhani haya ni matatizo ya wasio na uzoefu, amkumbuke Tim Duncan. Alikwenda Athens 2004 akiwa na mataji mawili ya NBA na tuzo mbili za mchezaji bora wa ligi ile, mtu mpole, mwenye miguu sahihi kuliko karibu masenta wote wa zama zake. Katika nusu fainali dhidi ya Argentina alitolewa kwa faulo tano. Marekani ikalala 89 kwa 81 na kurudi nyumbani na shaba. Mwaka 2023 huko Manila ilikuwa zamu ya Jaren Jackson Jr., aliyekuwa ametoka kutajwa mlinzi bora wa NBA msimu uleule: faulo zikambana, ribaundi zikawa shida, Marekani ikamaliza ya nne.

Miguu kwanza

Makocha wa timu za taifa hawamfundishi senta kijana mambo mengi, kwa sababu muda hawana. Wanapata wiki chache. Kwa hiyo huanzia penye hasara kubwa, na hasara kubwa mara nyingi haiko golini. Iko kwenye skrini, pale senta anaposimama njiani kumzuia mkabaji asimfuate mwenzake.

Itazame kwa karibu. Gadi anakuja na mpira kutoka kushoto. Senta amepanda juu, mita 8 kutoka golini, anajipanga kumkata mkabaji wa gadi. Sheria inamtaka awe amesimama tuli mgusano unapotokea, miguu yote miwili iwe chini, na mwili wake ubaki ndani ya kile FIBA wanachokiita silinda, yaani nafasi inayopanda wima kutoka pale alipokanyaga. Mkabaji, ambaye ni mjanja, anajipinda ili apite juu. Senta anaona anapitwa. Anasogeza nyonga kidogo tu, labda upana wa kiganja. Filimbi. Faulo ya ushambuliaji, mpira umepotea, na moja kati ya tano imeondoka mahali ambapo hapakuwa na hata pointi moja ya kuokoa. Kijana anaweza kufanya hivyo mara mbili kwenye robo moja na asielewe kosa lake, kwa sababu kwenye ligi aliyotoka nyonga ile ilikuwa ikiachwa.

Dawa yake haivutii kuiangalia: fika mapema. Senta anayefika kwenye skrini sekunde moja kabla ya gadi hana haja ya kusogea. Anayefika pamoja naye atasogea kila mara. Ni suala la kukimbia, na la gadi kujifunza kusubiri. Ukiona senta kijana ameacha kupata faulo za skrini katikati ya mashindano, mpongeze na gadi wake.

Ulinzi nao ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba sasa silinda ndiyo kinga yake. Mlinzi aliyeruka wima, mikono juu, ana haki na hewa iliyo juu yake. Mshambuliaji akimwingia, mgongano si kosa la mlinzi. Kanuni ni rahisi kuisema. Ugumu uko kwenye mkono. Mwenye mikono mirefu amekulia akiwazuia wenzake kwa kuupeleka mkono mbele na chini kuufuata mpira, na utotoni alikuwa akiufikia mpira kila mara. Kwenye timu ya taifa, aliye mbele yake ni baba wa watoto wawili, ana miaka 33, hawezi tena kudunki, na ameishi kwa miaka 12 kwa kazi moja: kusimama kidogo, kuutikisa mpira, na kungoja mkono ule ushuke. Mkono ukishuka umeondoka kwenye silinda. Mzee anautafuta kwa bega lake, anatupa mpira ovyo, anakwenda kwenye mstari wa mitupo huru bila hata kumtazama kijana.

Kwa hiyo somo ambalo senta kijana hulichukia kuliko yote ni la kutoruka. Kusimama na mikono juu, kula mgongano kwa kifua, kumwacha mzee atupe mtupo mgumu, kisha kugeuka kumfungia mtu nje na kuchukua ribaundi. Hesabu za mchezo hazina safu ya mitupo iliyoharibika kwa sababu mtu alisimama tu, na kijana anayefuatiliwa na maskauti anazijua hesabu zake.

Mpira ukiwa juu ya ringi

Hapa pana sheria ndogo ambayo mimi naipenda kuliko zote, labda kwa sababu kila mashindano lazima imfanye mtu mmoja ajione mjinga.

NBA wana silinda nyingine, ya kufikirika, inayopanda kutoka kwenye ringi. Mpira ukiwa ndani yake, iwe unacheza juu ya chuma au unaelea juu ya tundu, haguswi na mtu. FIBA ni tofauti: mtupo wa kawaida ukishagusa ringi, mpira ni wa yeyote anayeufikia. Mlinzi anaweza kuupangusa ukiwa unayumba pale juu, mshambuliaji anaweza kuusukumiza ndani. Kuna mipaka, kwa mfano huwezi kupitisha mkono ndani ya kikapu kutoka chini, wala kuutikisa ubao ili mpira uanguke. Na mpira unaoshuka kuelekea golini kabla haujagusa chuma bado haushikwi, kama kule NBA. Lakini ile sekunde ambayo mpira unasita juu ya ringi kama mtu asiyejua alale wapi, hiyo ni biashara huria.

Muangalie senta aliyelelewa NBA katika sekunde hiyo. Anaruka, anafika, vidole viko sentimita chache kutoka kwenye mpira, halafu mikono inarudi nyuma yenyewe, kama ya mtu aliyegusa sufuria ya moto. Hakufikiri. Miaka ya mazoezi imefikiri kwa niaba yake. Pembeni yake kuna Mlithuania au Mserbia anayepita na kuupangusa mpira bila haraka. Pointi mbili zimeokolewa, na hakuna aliyeruka juu kuliko mwenzake.

Kuijua sheria hii ni kazi ya dakika moja ubaoni. Mikono inahitaji majuma ya kurudiarudia, kocha akitupa mpira ugonge chuma na kijana akilazimika kuupangusa kila mara. Kisha, mashindano yakiisha, anarudi kwenye klabu yake na tabia hiyohiyo inamgharimu pointi.

(Mpira wenyewe pia ni tofauti: FIBA hutumia Molten wenye vipande 12, NBA hutumia Wilson wenye vipande 8. Watupaji hulalamika. Masenta wana shida kubwa zaidi za kulalamikia.)

Paris: mmoja akipungua, nafasi inaongezeka

Mfano wa wazi kabisa wa kijana kuubadilisha mchezo wake mbele ya macho ya dunia ni wa Wembanyama yuleyule, miaka mitatu baada ya Riga. Sasa alikuwa na miaka 20, mita 2.24, mchezaji bora chipukizi wa NBA wa msimu wa 2023-24 na kinara wa kuzuia mitupo katika ligi ile. Karibu naye alisimama Rudy Gobert, ambaye miezi miwili na zaidi kabla ya Olimpiki alikuwa amekamilisha tuzo yake ya nne ya mlinzi bora wa NBA. Kwenye karatasi, nani angeweza kuifunga Ufaransa karibu na goli?

Shida haikuwa kuwazuia wapinzani. Shida ilikuwa Ufaransa yenyewe kufunga. Gobert hatupi kutoka mbali, na katika FIBA mkabaji wake hana sababu yoyote ya kumfuata nje. Anabaki katikati ya eneo la sekunde tatu bila adhabu. Kila Wembanyama alipogeuka kuelekea golini, pale ambapo NBA angekutana na mtu mmoja, alikutana na wake na wa Gobert. Huko Lille, kwenye makundi, Ufaransa iliishinda Brazil 78 kwa 66, ikahitaji muda wa nyongeza kuipita Japani 94 kwa 90, kisha Ujerumani ikawachapa 85 kwa 71.

Kocha Vincent Collet akafanya jambo ambalo makocha wengi wangeliogopa: hatua za mtoano zilipoanza, dakika za Gobert zilipungua mno, na nafasi akapewa Guerschon Yabusele, mfupi, mpana kama mlango, anayetupa kutoka nje. Sasa mkabaji mmoja alilazimika kutoka hadi mita 6.75. Eneo la katikati likapumua.

Wengi walitazama mabadiliko hayo kama habari ya Gobert na Yabusele. Mimi nilimtazama Wembanyama, kwa sababu yeye ndiye aliyebadilishiwa kazi. Kabla alikuwa mkabaji wa pili, mwenye ruhusa ya kuzurura na kutokea kutoka pembeni. Sasa alikuwa senta peke yake, mwenye kubeba ribaundi, skrini na kila mpenyo, katika mchezo ambao faulo mbili za haraka zingeivunja timu nzima. Dhidi ya Kanada katika robo fainali alifunga pointi 7 tu, na Ufaransa ikashinda 82 kwa 73. Yabusele alifunga 22. Mtu anayesoma hesabu peke yake angesema kijana alikuwa na siku mbaya. Aliyeangalia mchezo aliona mtu aliyeacha kuulazimisha mpira kwenye msongamano, anayeupokea juu, anasubiri wawili wamwendee, anautoa. Ujerumani ileile iliyowachapa kwa pointi 14 ikafuata katika nusu fainali. Safari hii 73 kwa 69 kwa Ufaransa.

Aliyetoka Kawempe

Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili, kila kijana mrefu hupimwa kwa Hasheem Thabeet, aliyetoka Dar es Salaam hadi kuchaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009 (zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya), mbele ya James Harden. Ndiyo maana jina la Khaman Maluach lilipoanza kusikika, mazungumzo yalianzia na kuishia kwenye urefu: mita 2.18. Kinachonivutia mimi ni ratiba yake.

Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006, akakulia Kawempe, Kampala. Mpira wa kikapu aliuanza mwaka 2019 hivi, akiwa na miaka kama 13. Agosti 2023, kabla hajafikisha miaka 17, alikuwa kwenye kikosi cha Sudan Kusini katika Kombe la Dunia, timu ambayo ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza na ikapata tiketi ya Olimpiki kwa kuwa ya juu kuliko timu zote za Afrika. Mwaka uliofuata alicheza BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, na City Oilers ya Uganda, kisha Paris, bado ana miaka 17.

Timu ya kocha Royal Ivey haikujengwa kumzunguka senta. Ilikuwa ya magadi na mawinga wenye miguu mirefu, wanaokimbia, wanaotupa kutoka nje na kubadilishana wapinzani katika ulinzi bila kuuliza. London, Julai 20, 2024, waliisumbua Marekani hadi ikahitaji kikapu cha LeBron James sekunde za mwisho kushinda 101 kwa 100. Wiki moja baadaye waliifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika mechi yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki, baada ya wenyeji kuwapigia kwanza wimbo wa taifa wa nchi nyingine.

Katika timu kama hiyo senta kijana hapewi mpira mgongoni kwa mtu akaambiwa aonyeshe ujuzi. Kazi yake ina ufupi wa telegramu: weka skrini, kimbilia goli, daka kilicho juu, rudi. Na katika ulinzi, gadi wa wapinzani akimburuta hadi mstari wa pointi tatu, ashushe nyonga na kumkaa mbele kwa sekunde chache bila kunyoosha mkono. Hakuna ligi ya vijana inayomfundisha mtu wa mita 2.18 kazi hiyo kwa hiari, kwa sababu kwenye ligi ya vijana anashinda kwa kusimama.

Tena safari yake haikuwa ya kutoka NBA kwenda FIBA, bali kinyume. BAL huchezwa kwa sheria za FIBA. Baada ya Paris alikwenda Duke, ambako mchezo wa vyuo vya Marekani una dakika 40 na faulo 5 kama FIBA, hauna sekunde tatu za ulinzi, lakini mpira ulio juu ya ringi haushikwi, kama NBA. Mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 katika drafti na kuishia Phoenix Suns, kwenye dakika 48, faulo 6 na refa anayehesabu muda wake chini ya goli. Vitabu vitatu vya sheria kabla ya kutimiza miaka 20, na kila akiitwa timu ya taifa anafungua upya cha kwanza.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kila senta kijana huteseka. Nikola Jokić alikuwa na miaka 21 pale Rio 2016 alipoifunga Marekani pointi 25, Serbia ikipoteza 94 kwa 91, na wakarudi na medali ya fedha. Alperen Şengün alikuwa na miaka 23 alipoifikisha Uturuki fainali ya EuroBasket 2025; alifunga pointi 28, Ujerumani ikashinda 88 kwa 83. Ilikuwa Riga, tena. Wote wawili hawaruki sana. Walikua wakicheza na watu wazima kwenye ligi za nyumbani kwao, wakijua kwamba golini kuna kifua, hivyo mpira wao huishi kwenye kiwiko, yaani kona ya juu ya eneo la sekunde tatu: pokea, tazama, mpe anayekatiza, au geuka wakikuacha. Msongamano ambao humkwamisha mrukaji kwao ni ramani, maana waliojazana chini ya goli wamemwacha mtu mahali fulani.

Wembanyama alianza kuyaunganisha hayo mawili usiku wa Agosti 10, 2024, pale Bercy, Paris. Fainali, Marekani tena. Alifunga pointi 26, akawa mfungaji bora wa mechi, na safari hii hakuna kibao cha faulo kilichomtoa. Zikiwa zimebaki kama dakika tatu Ufaransa ilikuwa imesogea hadi pointi 3 nyuma. Ndipo Stephen Curry akafunga mitupo minne ya pointi tatu mfululizo, wa mwisho akiutupa juu ya mikono ya wakabaji wawili, na Marekani ikachukua dhahabu kwa 98 dhidi ya 87. Yote minne ilitoka nje ya mstari wa mita 6.75, mbali na mlango ambao senta alikuwa amejifunza kuulinda.